Kuunga Mabomba ya Vipimo Mbalimbali

Sisi tukaao Nkoaranga, mteremkoni mwa Mlima Meru, twajua nguvu ya maji yashukayo bombani. Basi na tutazame flanji, yaani kisahani cha chuma chenye matundu ya boliti, kiungacho bomba na bomba. Flanji ya Kimarekani ya inchi 4, daraja 150, ina matundu 8; ya Ulaya ya milimita 100, PN 16, nayo ina 8. Hesabu hiyo hudanganya: duara ya matundu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 190.5, ya pili 180. Boliti hazitapita. Tusitanue matundu wala kulazimisha, maungio yasije yakavuja. Tutie katikati kipande cha bomba chenye flanji ya Kimarekani upande mmoja, na ya Ulaya upande wa pili.