Vyuo Viwili na Soko la Kariokor

Kwetu pwani mtu akisema kwamba mtoto fulani yuko chuoni, hapana aulizaye ni chuo gani. Ni kule jamvini, ubao mapajani, kalamu ya mwanzi mkononi na wino wa masizi vidoleni. Kwa hivyo nilipopata nafasi ya kusoma katika chuo kimoja cha Nairobi, bibi yangu alishukuru Mungu akidhani kwamba mjukuu wake anakwenda kuzidisha elimu ya dini. Baba alijua zaidi. Alikuwa ameisoma barua, na humo mliandikwa kwamba nakwenda kujifunza uchoraji. Aliikunja ile barua, akanirudishia, kisha akaniuliza swali moja tu: "Utachora nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo nilikwenda nalo Nairobi, na ndilo linalonifanya niandike makala haya, maana najua kwamba vijana wetu wengi wenye vipaji vya mkono huulizwa vivyo hivyo hata leo, na aghalabu huliacha swali au huiacha sanaa.

MTAA WA WAPAGAZI

Mjomba wangu alikuwa amepanga chumba Kariokor, upande wa mashariki ya jiji, nami nikafikia kwake. Msomaji asije akadhani kwamba Kariokor ni neno la Kikuyu au la Kikamba. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 wawabebee askari risasi na chakula kule Tanganyika. Kambi yao mojawapo ilikuwa hapo, na watu wakalitamka jina jinsi ndimi zao zilivyoliweza. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo imepata jina lake kwa njia hiyo hiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao, na waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Mtu wa pwani hajioni mgeni sana katika mtaa huo. Ukivuka kidogo wafika Pumwani, ambako Waislamu wameishi tangu miaka ya 1920, wakiwa na msikiti wao wa Riyadha wenye jina sawa na Riyadha ya Lamu. Makaburi ya Waislamu yako papo hapo Kariokor. Adhana ya alfajiri ilitufikia chumbani, na baadaye kidogo ilifuatwa na nyundo za mafundi wa ngozi pale sokoni. Jioni moshi wa nyama choma ulitanda mtaa mzima, nasi wanafunzi tuliunusa kwa sana kuliko tulivyoila.

MWANAFUNZI NA MFUKO WAKE

Watu hudhani kwamba mwanafunzi wa sanaa hukaa kivulini akingojea mawazo yamshukie. Mambo hayako hivyo. Asubuhi ni darasa la kuchora kwa penseli na makaa, kisha rangi, kisha udongo au kuchonga, na alasiri ni historia ya sanaa. Usiku ni kazi za nyumbani, nami nilizifanya chini ya taa moja na mjomba amelala, karatasi nimeitandika juu ya sanduku la nguo. Karatasi nzuri ni ghali, brashi ni ghali, na kichupa cha rangi chaweza kumaliza nauli ya juma zima. Wengi wetu tulitembea kwa miguu hadi chuoni ili tununue rangi ya buluu.

Baadaye nilipopata kujua habari za Bibi Rosemary Karuga nilijiona mjinga kwa manung'uniko yangu ya siku zile. Bibi huyo alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, baina ya 1950 na 1952. Aliporudi Kenya alifundisha shuleni kwa miaka mingi. Miaka ya 1980, alipoirudia sanaa yake na rangi zikamshinda bei, alichukua karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika hadi vikawa picha za wanyama na za maisha ya shambani. Kazi hizo ndizo zilizompa jina. Alifariki mwaka 2021, na yaliyompatia sifa ni yale ambayo wengine hutupa jaani.

Makerere ndiko ilikoanzia elimu ya namna hii katika nchi zetu, pale Bibi Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Mkenya, Gregory Maloba, aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala mwaka 1962, kisha akaja kufundisha Nairobi. Mwingine ni Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, ambaye mwaka 1965 alianzisha na wenzake jumba la sanaa la Paa ya Paa hapo hapo Nairobi, na ambaye hakuchoka kuwaasa vijana wasiige kazi za watu. Hao ni wakubwa, na kila mwanafunzi aliwataja. Lakini mimi nilipowatazama niliona sanamu za watu na picha za watu, na swali la baba likanirudia.

SANAMU ILIYOKO BARABARANI

Siku moja mwalimu alitupeleka barabara ya Kenyatta tukaichore sanamu ya shaba iliyoko hapo tangu 1928, kumbukumbu ya wale wale waliopigana na kubeba mizigo katika vita nilivyovitaja. Wasomaji wa Mombasa wanaijua nduguye, iliyo katika barabara ya Jomo Kenyatta kwao, na walio Dar es Salaam wanayo yao ya Askari. Zote zilitoka katika mkono wa fundi mmoja Mwingereza, James Alexander Stevenson. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Nikamtazama nikasema moyoni: huyu ndiye mwenye mtaa ninaolala.

Wenzangu walianza na nyuso. Mimi nilianza chini, kwenye jiwe, kwa kuwa maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Nikaichora ile khati ya Kiarabu herufi kwa herufi. Hata muda ulipokwisha nilikuwa nimemaliza jiwe lote, lakini juu yake palikuwa na miguu mitupu. Mwalimu aliitazama kazi yangu kwa muda, kisha akasema, "Herufi zako ni nzuri kuliko za mtu yeyote hapa. Lakini mtihani ni wa mwili wa mtu."

Jioni ile nilikwenda Pumwani kwa maalim mmoja mzee ambaye mjomba alikuwa akisikiliza darsa zake. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikimwonyesha na karatasi. Hakunikemea. Alinisimulia hadithi iliyomo katika Bukhari: mtu mmoja alimjia Abdallah bin Abbas akamwambia kwamba riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akampa onyo alilolisikia kwa Mtume, sala na salamu zimshukie. Yule mtu alitweta, uso ukamgeuka rangi. Hapo Ibn Abbas akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi kufanya kazi hiyo, basi na achore miti na kila kisichokuwa na roho.

"Waona," maalim akasema, "hakumwambia akavunje kalamu. Alimfunga mlango mmoja akamfungulia mwingine. Wanavyuoni wana kauli zao katika mambo mengi ya picha, nawe usimhukumu mwenzio aliyeshika kauli ya shekhe wake. Lakini wewe moyo wako umekwisha kukwambia. Sasa nenda ukautafute huo mlango uliofunguliwa, usikae kizingitini ukilia."

NILICHOKIONA SOKONI

Mlango wenyewe ulikuwa karibu na chumba cha mjomba, nami nilikuwa nikiupita kila siku. Soko la Kariokor ni mashuhuri kwa vyondo. Kinamama huvileta kutoka Ukambani na upande wa Mlima Kenya, na mafundi wa ngozi hapo sokoni huvitia mikanda na vifuniko, ndipo viuzwe mjini na kupelekwa ng'ambo. Kando yao wako washonaji viatu vya ngozi na makata ya matairi yanayogeuka kuwa akala.

Nilianza kukaa na mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa akisuka huku akiuza. Katani aliisokota juu ya paja lake hata ikawa uzi. Zamani, alinieleza, bibi zao walitumia nyuzi za magome ya miti; mkonge umekuja baadaye. Na kweli, mkonge ni mgeni katika nchi hizi: uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai.

Kiondo huanza chini katikati, nyuzi chache zilizokingamana. Kisha msusi huzunguka, akiongeza nyuzi kadiri kitako kinavyopanuka, na akifika ubavuni huanza kutia mapambo. Nilimwuliza anachora wapi mapambo hayo kabla ya kuyasuka. Akacheka. Hachori, anahesabu. Nyuzi nne nyeusi, mbili nyeupe, mzunguko unaofuata anasogeza moja, na ule mstari wa pembe pembe watokea wenyewe. Akikosea uzi mmoja, kosa lamfuata hadi mdomoni.

"Na mama yako husuka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia mikeka. Husuka ukili wa miyaa iliyotiwa rangi, kisha huushona ukawa mkeka.

"Naye huhesabu?"

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimekua juu ya mikeka ile na sikupata hata siku moja kumwuliza mama kama anahesabu. Likizo ilipofika nilimwuliza. Anahesabu. Na fundi anayechonga mlango hupima kwa bikari kabla hajagusa patasi, na ashonaye kofia huhesabu vitundu vya viua. Nyumba nzima niliyozaliwa ilikuwa chuo cha sanaa, nami nilisafiri usiku kucha kwenda kutafuta kingine.

KAZI YA MWISHO

Kwa kazi yangu ya mwaka wa mwisho nilinunua amerikani katika mtaa wa Biashara, nikachonga vibao vya mti na kupiga chapa kwa rangi mbili, nyeusi na kahawia. Katikati nilitia hesabu ya kiondo, pembeni hesabu ya ukili wa mama, na mpakani maua ya mlango wa Lamu. Chini, mahali pa jina la kanga, niliandika "Subira yavuta heri" kwa herufi za Kiarabu, jinsi majina ya kanga za zamani yalivyokuwa yakiandikwa. Hapakuwa na kiumbe chenye roho katika kitambaa chote, na kazi ile ilipata alama nzuri.

Lakini nisimdanganye msomaji. Katika mtihani wa kuchora mwili nilichora watu waliovaa kanzu, wamesimama kwa nyuma, nyuso hazionekani. Mwalimu alinipa alama za kupita tu, wala sikumlaumu, kwani yeye alikuwa na kanuni zake nami nilikuwa na zangu. Wenzangu waliochora nyuso walipata kazi katika magazeti na katika ofisi za matangazo ya biashara mapema kuliko mimi. Mtu akichagua mlango mmoja ajue kwamba mwingine ataupita.

Kitambaa kile nilikipeleka nyumbani. Baba alikitandika kitandani, akakifuata kwa kidole kuanzia mpakani hadi katikati, akasoma jina lake kwa sauti. Kisha akamwita mama aje auone ukili wake.

Basi, wazazi wenzangu wa pwani, mtoto akikwambieni kwamba anataka kwenda kusomea uchoraji, msimnyang'anye kalamu, wala msimwache aende bila ya kuulizwa. Mwulizeni kama baba yangu alivyoniuliza. Kisha, kabla hajapanda basi, mkalisheni siku mbili tatu na mama yake penye miyaa na nyanya yake penye kofia, ahesabu nao. Atakapofika huko aendako, mwalimu akamwambia achore, atakuwa na kitu mkononi.