Mizani Nayo Hupimwa: Mtihani Kama Kipimo cha Elimu

Kila mizani itumiwayo katika biashara sharti ikaguliwe na Wakala wa Vipimo, kisha ipigwe chapa. Mnunuzi wa mchele hawezi kuhakikisha kwa macho kwamba kilo aliyouziwa ni kilo kamili. Imani yake imo katika chapa ile. Mtihani nao ni mizani. Hupima kitu kisichoonekana, yaani maarifa na stadi za mwanafunzi, na kwa kipimo hicho kijana huendelea na masomo au hurudi nyumbani. Kwa hiyo ni haki kuuliza: mizani hii nayo hupimwaje?

Kwa miaka mingi shule za sekondari za Afrika Mashariki zilifanya mitihani iliyosimamiwa kutoka Cambridge, Uingereza. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania Bara ilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, kazi za mwanafunzi darasani nazo zilianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Tangu hapo mwalimu wa darasani naye ni mmoja wa washika mizani.

Uhalali na uthabiti

Kipimo chochote cha elimu hudaiwa sifa mbili. Sifa ya kwanza ni uhalali: mtihani upime kile kilichokusudiwa, wala si kingine. Swali la fizikia lililoandikwa kwa Kiingereza kigumu mno laweza kumwangusha mwanafunzi anayeielewa fizikia barabara. Hapo kilichopimwa ni lugha. Vivyo hivyo, mwanafunzi aliyekariri hatua za titresheni bila kuishika bureti aweza kupata alama nzuri katika karatasi, ilhali stadi ya maabara hana.

Sifa ya pili ni uthabiti: kitu kilekile kikipimwa tena, jibu lisibadilike sana. Insha moja ikipewa walimu wawili, mmoja aweza kutoa alama 14 na mwingine 9 kati ya 20. Tofauti hiyo haikutoka kwa mwanafunzi, bali kwa wasahihishaji. Ndiyo maana wasahihishaji hukutana kwanza, wakakubaliana juu ya mwongozo wa usahihishaji, wakajaribu karatasi chache kwa pamoja, na viongozi wao wakarudia kukagua baadhi ya karatasi zilizokwisha kusahihishwa.

Kulipima swali lenyewe

Swali moja moja nalo hupimika, na hesabu yake yaweza kufanywa na mwalimu yeyote. Tuchukue darasa la wanafunzi 40. Baada ya kusahihisha, mwalimu hupanga karatasi kwa jumla ya alama, akatenga 10 za juu kabisa na 10 za chini kabisa. Kisha huhesabu ni wangapi katika kila kundi waliojibu sawasawa swali fulani.

Tuseme swali la 3 lilijibiwa sawasawa na wanafunzi 9 wa kundi la juu na 3 wa kundi la chini. Waliopata ni 12 kati ya 20, yaani 0.6, hicho ndicho kiwango cha wepesi wa swali. Tofauti ya makundi ni 9 kutoa 3, yaani 6. Ikigawanywa kwa 10 hupatikana 0.6. Hiyo ndiyo nguvu ya swali ya kutenganisha wanaojua na wasiojua, na hapa ni nzuri.

Sasa tuseme swali la 7 lilipatwa na 4 wa kundi la juu na 7 wa kundi la chini. Nguvu yake ni -0.3. Wanafunzi hodari wamekosa na dhaifu wamepata! Aghalabu sababu ni mojawapo ya hizi: swali lina maana mbili, au jibu lililo katika mwongozo lina kosa. Swali la namna hiyo halifai kumhukumu mtu.

Mstari wa kufaulu

Hata maswali yakiwa mazuri, hubaki jambo moja: ni alama ngapi ziitwe kufaulu? Mstari huo hauchorwi na maumbile. Huwekwa na watu. Funzo kubwa lilipatikana katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na ikaonekana kwamba utaratibu wa kupanga alama katika madaraja ulikuwa umebadilishwa pasipo maandalizi ya kutosha. Mwezi Mei matokeo yalipangwa upya kwa utaratibu wa mwaka 2011, na waliofaulu wakaongezeka kutoka takriban asilimia 34 hadi 43.

Katika hilo mna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, maelfu ya vijana walibadilika kutoka kushindwa hadi kufaulu bila kuandika neno jipya hata moja. Kwa hiyo anayebadilisha kipimo hana budi kutangaza na kujiandaa mapema. Pili, hata baada ya marekebisho hayo, waliofaulu hawakufikia nusu. Kurekebisha mizani huondoa dhuluma, lakini hakuongezi nafaka ghalani.

Nafaka huongezwa darasani: kwa vitabu, maabara, na walimu wa kutosha, na kwa wathibiti ubora wa shule wanaomwelekeza mwalimu badala ya kumvizia. Kazi ya mtihani ni kusema kweli juu ya hali iliyopo, na hauwezi kuisema ikiwa wenyewe haujapimwa. Mwalimu anayetunga jaribio la wiki, akalifanyia hesabu hiyo ya makundi mawili na kulitupa swali bovu, amekwisha kuipiga chapa mizani yake.