Bethidei ya Mkeo: Keki au Dua?

Mna miezi minane ya ndoa. Kwenu, tangu utotoni, tarehe yako haikupita bila keki na ndugu kujaa sebuleni. Leo umeamka, mumeo kanywa chai, huyoo kazini. Hakuna kadi, hakuna hata meseji! Jioni umenuna, naye anashangaa: "Mke wangu, sisi kwetu hatusherehekei bethidei. Ni dini." Moyoni unajiuliza: ni dini, au hanipendi?

Kabla hamjanuniana wiki nzima, jueni kwamba hata masheikh hawajakubaliana.

Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, alisema ni bidaa. Hoja yake: Mtume (S.A.W.) na masahaba hawakufanya, na Waislamu wana Idi mbili tu. Lakini mwaka 2008 mwanazuoni wa huko huko, Salman al-Odah, alisema kwenye televisheni kwamba kukumbuka siku ya kuzaliwa au ya ndoa hakuna ubaya, mradi isiitwe Idi. Mufti Mkuu wa wakati huo akampinga. Dar al-Ifta ya Misri nayo inaruhusu, mradi pasiwe na maasi.

Wanaoruhusu hukumbusha kuwa Mtume alifunga Jumatatu, na alipoulizwa, akataja kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Wanaokataza hujibu: sawa, basi funga! Hapo hapatajwi keki, tena Jumatatu huja kila wiki, si mara moja kwa mwaka.

Sasa nyie mfanyeje?

Kaka, kama umesahau, sema umesahau. Usijifiche nyuma ya dini. Na kama kweli unaamini haifai, mwambie mapema, kwa upole, siyo siku yenyewe. Zawadi hakuna aliyeikataza. Mtume alihimiza watu wapeane ili wapendane. Mpe siku yoyote, umshtue!

Dada, usipime mapenzi kwa keki. Mwenzio anaweza kuogopa dhambi na bado akakupenda sana.

Na mkikubaliana kusherehekea, isiwe ya kukopa ili kuwakoga majirani, wala muziki usiwapitishe Magharibi. Dua, chakula kizuri, na sahani moja kwa jirani asiye nacho, inatosha.

Muhimu ni kuongea kabla tarehe haijafika. Mkisubiri ifike, mtajikuta mnagombana, na keki haimo kwenye ugomvi wenyewe.