Kununua shamba Ogwedhi: Maswali ya kisheria yasiyofaa kupuuzwa

MKATABA wa kuuza shamba katika vijiji vilivyo karibu na soko la Ogwedhi, Kaunti ya Migori, huweza kuandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya wazee wa ukoo na majirani wawili watatu. Pesa huhesabiwa, watu hupeana mikono, na mnunuzi huanza kulima msimu unaofuata. Miaka ikapita, muuzaji akafariki na wanawe wakadai shamba la baba yao, ndipo mnunuzi hutambua kwamba karatasi ile haimkingi kama alivyodhani.

Mizozo ya aina hii hufikishwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mara nyingi hutokana na maswali machache ambayo hayakuulizwa mapema.

Je, makubaliano ya mdomo yanatosha?

La. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), yasema mahakama haiwezi kutekeleza mauzo ya ardhi isipokuwa makubaliano yameandikwa, yametiwa sahihi na pande zote, na kila sahihi imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo ilipotiwa. Karatasi ya daftari yaweza kutimiza masharti hayo. Hata hivyo, mkataba humpa mnunuzi haki ya kudai tu. Umiliki wenyewe huhama pale uhamisho unaposajiliwa kwa msajili wa ardhi.

Mwenye shamba hasa ni nani?

Jibu limo katika sajili ya ardhi, wala si katika maneno ya muuzaji. Mnunuzi huchukua nambari ya shamba iliyo kwenye hati miliki na kuomba upekuzi rasmi. Matokeo huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa shamba, na iwapo limewekwa rehani kwa benki au mtu mwingine ameweka tahadhari dhidi ya kuuzwa kwake.

Hapo ndipo tatizo kubwa la mashambani hujitokeza: jina lililomo laweza kuwa la babu aliyefariki zamani. Mwana anayelima shamba hilo, hata akiwa mrithi halali, hana mamlaka ya kuliuza. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi huliita jambo hilo kuingilia mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Familia hutakiwa kupata barua ya chifu inayowataja warithi, kisha kuomba mahakamani hati ya kusimamia mali. Msimamizi naye haruhusiwi kuuza ardhi kabla hati hiyo haijathibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho huja baada ya miezi sita. Anayenunua kabla ya hapo ananunua kesi.

Kwa nini kibali cha bodi ni muhimu?

Mauzo ya ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya eneo husika. Ombi linafaa kuwasilishwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Kibali kisipopatikana, Sheria ya Kudhibiti Ardhi huyachukulia mauzo kuwa batili. Mnunuzi huweza kudai pesa zake kama deni, lakini ikiwa bei ya ardhi imepanda maradufu, fedha alizolipa hazitamnunulia shamba jingine kama hilo.

Ni kweli kwamba mwaka wa 2022 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mahakama yaweza kumlinda mnunuzi aliyelipa na kukaa kwenye ardhi ingawa hakukuwa na kibali, kwa msingi wa haki na dhamana. Lakini kinga hiyo hupatikana kwa kesi, ushahidi na gharama. Kuhudhuria kikao cha bodi ni rahisi zaidi.

Je, mke au mume ana usemi?

Ndiyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 12, hukataza mali ya ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila idhini ya wanandoa wote wawili. Bodi nayo kwa kawaida hutaka kumwona mwenzi wa muuzaji. Anayeambiwa kwamba mama wa nyumba "ameshakubali" na afike mwenyewe amuulize.

Hati miliki safi ni kinga kamili?

Si lazima. Mwaka wa 2018, katika kesi iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilisema kuwa ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja yaweza kuwa ameshikiliwa kwa niaba ya familia au ukoo, hata kama sajili haisemi hivyo. Mwaka wa 2023, katika kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, mahakama hiyo iliamua kuwa mnunuzi hawezi kujikinga kwa hati miliki iwapo ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo.

Kwa hivyo ni lazima mnunuzi atembelee shamba. Makaburi, nyumba ya ndugu wa muuzaji, au jirani anayelima kipande chake ni maswali yanayotaka majibu. Mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine waziwazi bila ruhusa kwa miaka 12 huweza kuidai mahakamani. Pale penye miwa, mkataba na uelezwe mavuno yaliyo shambani ni ya nani, na iwapo kuna deni la kampuni ya sukari lililofungamanishwa nayo.

Ikiwa kinachouzwa ni kipande tu cha shamba, mpima ardhi mwenye leseni hukipima na mgawanyo husajiliwa ili kipate nambari yake. Mzozo wa mpaka ukizuka, humwendea msajili kwanza kabla ya mahakama.

Nani hulipa nini?

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 2 ya thamani ya ardhi mashambani, na asilimia 4 mijini. Muuzaji naye huweza kudaiwa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Sheria husamehe baadhi ya mauzo, yakiwemo ya ardhi ya kilimo ya chini ya ekari 50 iliyo nje ya miji.

Muuzaji pia ana la kuhofia. Akikabidhi hati miliki na fomu za uhamisho zilizotiwa sahihi kabla ya kulipwa, shamba laweza kuhama huku salio likibaki ahadi. Ndiyo maana pande zote hushauriwa malipo ya kwanza yawe sehemu ndogo, aghalabu asilimia 10, na salio lilipwe kibali kikishapatikana na stakabadhi zote kuwa tayari mikononi mwa wakili.

Mzee wa ukoo bado ana nafasi yake kama shahidi, kwani ndiye anayejua nani alizikwa wapi na mpaka ulipita mti gani. Lakini baada ya wazee kuondoka, bado kuna safari ya kwenda kwa bodi na kwa msajili, na mnunuzi asiyeifunga safari hiyo huwaachia watoto wake kazi ya kuitetea karatasi ya daftari.