Swali Ambalo Msomi Hakufundishwa Kuliuliza

Yafaa kila mzazi anayempeleka mwanawe chuo kikuu aujue usiku mmoja katika maisha ya msomi wa Marekani, Dakta John Warner. Alikuwa amemzika mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka miwili, aliyezaliwa na maradhi ya kuziba kwa mirija ya nyongo. Usingizi haukumjia. Akawa akijiuliza, kama alivyosimulia mwenyewe hadharani: je, yawezekana kwamba kitu nilichokishika kwa mikono yangu maabarani ndicho kilichomdhuru mwanangu?

Jibu hakulipata. Bali alitambua jambo jingine lililomshtua: katika miaka yote ya masomo yake, hakuwahi kuhudhuria hata somo moja la kumfundisha kutambua kitu chenye sumu na kisicho na sumu.

Wala huyu hakuwa mwanafunzi mzembe. Alizaliwa mwaka 1962, mwaka ule ule ambao Bibi Rachel Carson alichapisha kitabu Silent Spring kuwaonya Wamarekani juu ya sumu za kuulia wadudu. Alikulia mjini Quincy, katika jimbo la Massachusetts, akasoma katika chuo kikuu cha umma mjini Boston, kisha akapata shahada ya udaktari huko Princeton mwaka 1988. Kampuni ya Polaroid, iliyosifika kwa kamera zitoazo picha papo hapo, ikamwajiri. Kwa macho ya watu, alikuwa amefika. Alikuwa na shahada, kazi na sifa. Alichokosa ni swali tu.

Basi Mungu si Athumani, rafiki yake wa tangu utoto mjini Quincy, Dakta Paul Anastas, alikuwa akifanya kazi katika idara ya Serikali ya Marekani inayolinda mazingira. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyosema kwamba uchafu uzuiwe pale unapotokea, badala ya kungojwa uenee ndipo usafishwe. Mwaka uliofuata Anastas akaipa elimu hiyo mpya jina la kemia ya kijani. Mwaka 1998 marafiki hao wawili walitoa kitabu chenye kanuni 12. Kanuni ya kwanza yaweza kueleweka na mkulima yeyote: kuzuia taka ni bora kuliko kuziondoa zikishapatikana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mahubiri matupu. Chukua dawa ya maumivu iitwayo ibuprofeni, ambayo wengi wetu tumepata kuimeza. Zamani ilitengenezwa kwa hatua sita, na katika malighafi yote iliyoingia mtamboni, kiasi cha asilimia 40 tu ndiyo iliyogeuka dawa. Iliyobaki ilikuwa taka. Wataalamu wakabuni njia ya hatua tatu, ambayo asilimia 77 hugeuka dawa. Mwaka 1997 njia hiyo ilipewa tuzo ya Rais wa Marekani. Dawa ni ile ile, taka zimepungua, na mwenye kiwanda hanunui tena malighafi ya kwenda kutupa.

Mwaka 1996 Warner aliiacha Polaroid, akarudi kufundisha katika chuo kile kile kilichomlea. Mwaka 2001 chuo hicho kikaanzisha masomo ya udaktari katika kemia ya kijani, ya kwanza duniani. Mwanafunzi hapo hakutakiwa kujua kutengeneza kitu tu, bali pia kujua kitu hicho kitamfanya nini binadamu, na kitaishia wapi kikitupwa. Wahandisi nao hawakuachwa nyuma: mwaka 2003 Anastas na Bibi Julie Zimmerman walitoa kanuni 12 za uhandisi wa namna hiyo. Na mwaka 2014 Warner alipewa nishani ya Perkin, ambayo ni heshima kubwa miongoni mwa wanakemia wa viwandani.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Sisi tujenge viwanda kwanza, usafi utafuata. Hoja hiyo ina udanganyifu ndani yake. Marekani yenyewe ilifuata njia hiyo, na mwaka 1980 ikalazimika kutunga sheria ya kusafisha mahali palipozikwa sumu za viwanda. Kazi hiyo haijakwisha hata leo. Je, aliye maskini ndiye anayeweza kulipia kitu kimoja mara mbili?

Nasi tunayo mifano yetu. Katika machimbo madogo ya dhahabu karibu na Ziwa Viktoria, zebaki hutumika kunasa dhahabu, kisha huchomwa, na moshi wake huvutwa na mchimbaji pamoja na mkewe na watoto walio karibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Lakini mkataba peke yake haumpi mchimbaji njia nyingine ya kupata riziki yake. Njia hiyo itatoka katika akili ya msomi aliyekubali kuketi naye, akaona kazi yake ilivyo, kisha akarudi maabarani na swali hilo moyoni.

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka elimu iwatumikie watu, isimtenge msomi na wenziwe. Hapana budi maana hiyo iingie hata katika chumba cha kemia. Kila kijana anayeomba shahada ya kemia au ya uhandisi na aulizwe katika mtihani wake: kitu hiki ulichokitengeneza kitawafanya nini walio jirani na kiwanda, na wale wanywao maji ya mto ulio chini yake? Asiyeweza kujibu arudi akasome zaidi.

Dakta Warner alilipata swali hilo kaburini kwa mwanawe. Vijana wetu na walipate darasani.