Circe, mlozi wa kisiwa cha Aeaea

Circe ni mlozi wa visa vya Kigiriki anayewageuza watu kuwa wanyama. Habari zake mashuhuri zimo katika Odyssey, utenzi wa Homer, kitabu cha 10. Baba yake ni Helios, mungu wa jua, na kaka yake ni Aeetes, mfalme wa Colchis, aliyemzaa Medea. Ulozi, basi, umo katika ukoo.

Nyumba yake imo msituni, katikati ya kisiwa. Nje wamezagaa simba na mbwamwitu wapole, wanaowatikisia wageni mikia. Ndani Circe anaimba huku akifuma. Baadhi ya mabaharia wa Odysseus, shujaa wa utenzi huo, wanafika na kukaribishwa jibini, unga wa shayiri, asali na mvinyo, vyote vikiwa vimetiwa dawa. Wakishakula anawagusa kwa fimbo, nao wanakuwa nguruwe. Ukatili wa kisa umo katika jambo dogo: miili imegeuka, akili zimebaki za binadamu. Mtego wenyewe ni ukarimu, jambo lililokuwa na hadhi ya amri ya miungu kwa Wagiriki.

Odysseus anaokoka kwa sababu mungu Hermes amempa kinga, mmea uitwao moly, wenye mzizi mweusi na ua jeupe. Dawa inaposhindwa, Circe anakula kiapo cha kutomdhuru, kisha anawapaka nguruwe wale dawa nyingine. Wanarudi kuwa watu, vijana na wazuri kuliko walivyokuwa. Msomaji aliyezoea kumtenga mganga na mchawi atawakuta wote wawili ndani ya mtu mmoja. Mabaharia wanakaa kwake mwaka mzima, na wanapoondoka ni yeye anayemwelekeza Odysseus njia ya kuzimu, na baadaye namna ya kuwapita Sirens, wale waimbaji wanaoangamiza mabaharia.

Upande huo wa msaada ndio uliosahauliwa upesi. Mshairi wa Kirumi Ovid alimchora kuwa mwanamke wa wivu: anatia sumu maji anamooga Scylla, mpinzani wake katika mapenzi, kwa sababu ya mwanamume aliyemkataa Circe. Wafasiri wa baadaye walimfanya alama ya tamaa inayomshusha mtu hadi kuwa mnyama, na washairi wa Italia wakaunda warithi wake: Alcina wa Ariosto na Armida wa Tasso. Mtunzi wa opera Handel alimpandisha Alcina jukwaani London mwaka 1735. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch, kwa upande wake, alikuwa na mzaha: katika maandishi yake nguruwe mmoja, Gryllus, anakataa katakata kurudishiwa ubinadamu, na hoja zake si rahisi kuzipangua.

Katika uchoraji, John William Waterhouse alimwonyesha mwaka 1891 akiwa ameketi juu ya kiti cha enzi, kikombe mkononi, na nyuma yake kioo kinachomwonyesha Odysseus akija. Madeline Miller, katika riwaya yake Circe ya mwaka 2018, alimwachia mlozi huyo asimulie mwenyewe. Humo ulozi ni ujuzi wa mimea unaopatikana kwa kazi ya miaka mingi, na mabaharia wanageuzwa nguruwe na mwanamke anayejihami.