Kiatu Kimoja, Filamu Tisini na Ushei

Katika hadithi zote zilizoingia sinema, hakuna iliyorudiwa kama ya yule binti wa jikoni aliyepoteza kiatu ngazini. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuzihesabu filamu za Cinderella kikapita 90: katuni, baleti, opera, vichekesho, na nyingine ambazo mzazi hawezi kuziweka sebuleni watoto wakiwapo. Hesabu hiyo ni ya siku nyingi, na watengenezaji hawajachoka.

Sababu mojawapo ni ya kibiashara tu. Hadithi haina mwenyewe wa kulipwa. Charles Perrault, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1697 akiwa ameiwekea boga, bibi mchawi mwema na kiatu cha kioo, hana mrithi wa kudai chochote. Na hata yeye aliikuta njiani. Wachina walikuwa na Ye Xian, msichana mwenye kiatu cha dhahabu, katika kitabu cha karne ya 9. Mwaka 1893 Mwingereza Marian Roalfe Cox alitoa kitabu chenye masimulizi 345 ya jamii hiyo kutoka nchi mbalimbali. Huku kwetu jina limezoeleka kiasi kwamba Alikiba alipotoka na wimbo wake wa "Cinderella", hakuna aliyeuliza huyo Cinderella ni nani.

Nimepekua rundo hilo nikitafuta zilizoshika namba moja kwa jambo fulani. Niseme mapema kwamba nina upendeleo: zilizotengenezwa na watu waliobanwa, wasio na fedha, wasio na kitambaa, wasio na ruhusa, zinanivuta kuliko zilizomwagiwa mamilioni.

Iliyofungua njia

Mwaka 1899, sinema ikiwa bado mchezo wa maonyesho ya mtaani, Georges Méliès alitengeneza Cendrillon katika studio yake ya Montreuil, nje kidogo ya Paris. Studio ile ilikuwa na kuta na paa la kioo, kwa sababu taa za umeme za kupigia picha hazikuwa na nguvu ya kutosha, hivyo jua ndilo lililofanya kazi. Filamu ina urefu wa dakika sita hivi. Kwa leo ni kama tangazo refu, lakini enzi hizo filamu nyingi zilikuwa tukio moja, treni inafika, mtu anamwagilia bustani, basi. Méliès alipanga matukio mengi mfululizo, jikoni, dansini, chumbani, harusini, na kuyaunganisha kwa picha moja kufifia huku nyingine ikijitokeza.

Boga linavyogeuka gari ni jambo la kutazama mara mbili. Alikuwa mwanamazingaombwe wa jukwaani kabla ya kushika kamera, na mbinu yake ilikuwa rahisi: waigizaji wanaganda walipo, kamera inasimamishwa, boga linaondolewa, gari linasukumwa mahali pake, kamera inaendelea. Mtazamaji haoni kiungo. Kinachonifurahisha zaidi ni saa. Binti akirudi nyumbani, saa zinamfuata hadi ndotoni na kucheza zikimzonga, jambo ambalo Perrault hakuliandika. Zaidi ya miaka 125 imepita, na ni wachache walioonyesha hofu ya saa sita za usiku vizuri kuliko hapo. Méliès mwenyewe aliirudia hadithi hiyo mwaka 1912, kwa urefu zaidi na bahati haba. Muda si mrefu biashara yake ikamwendea kombo.

Zilizoingiza fedha

Hapa nitapita haraka, maana tarakimu zinajieleza. Cinderella iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote kwa hesabu ya moja kwa moja ni ile ya Kenneth Branagh ya mwaka 2015, Lily James akiwa binti na Cate Blanchett mama wa kambo: dola milioni 542 duniani kote, kwa gharama ya milioni 95. Ukikubali kwamba Pretty Woman ya mwaka 1990 ni Cinderella aliyehamia Los Angeles (na ndani ya filamu wahusika wenyewe wanalitaja jina hilo), basi hiyo iliingiza milioni 463 kwa gharama ya milioni 14, na dola ya 1990 ilikuwa na uzito kuliko ya 2015. Kwa faida, Julia Roberts anambwaga Lily James mchana kweupe. Ndugu yao wa karibu, Beauty and the Beast ya mwaka 2017, aliwapita wote kwa dola bilioni 1.26.

Ila hakuna Cinderella aliyehitaji fedha kama wa Walt Disney wa mwaka 1950. Vita vilikuwa vimemkatia soko la Ulaya, na studio ilikuwa na deni lililozidi dola milioni 4. Ili kubana matumizi, sehemu kubwa ya filamu ilichezwa kwanza na watu halisi mbele ya kamera, kisha wachoraji wakafuata miondoko yao, wasipoteze karatasi kwa kubahatisha. Sauti ya binti ilipatikana kwa njia ya mkato. Ilene Woods aliwaimbia marafiki zake watunzi nyimbo za majaribio, kwa kuwasaidia tu, bila kujua kuna nafasi inayogombewa. Disney alipozisikia, mamia ya waliokwisha kusailiwa wakawekwa kando. Filamu ikaiokoa kampuni, na mwaka 1951 ikachukua Dubu wa Dhahabu wa filamu za muziki katika tamasha la kwanza kabisa la Berlin.

Kiatu kisichovalika

Viatu vya kioo vya mwaka 2015 ndivyo vya kifahari kuliko vyote na havina kazi hata kidogo. Mbunifu wa mavazi Sandy Powell alikwenda kutazama kiatu cha miaka ya 1890 kilichohifadhiwa Northampton, mji wa Uingereza uliojijengea jina kwa ushonaji wa viatu, akachukua umbo lake na kuwapelekea Swarovski. Wakatengeneza jozi nane za fuwele ngumu. Fuwele hainyumbuliki. Hakuna mguu wa binadamu uliowahi kukivaa na kutembea nacho. Lily James alicheza dansi akiwa na viatu vya ngozi, na wataalamu wa kompyuta wakavibadilisha baadaye fremu kwa fremu. Yaani katika filamu ambayo kila kitu kinategemea kiatu kumwenea mtu mmoja tu, kiatu kile hakikumwenea yeyote.

Gauni la buluu nalo lilibebeshwa fuwele zaidi ya 10,000, na likashonwa mara kadhaa, maana gauni la kupandia farasi si la kukimbilia.

Usiku mmoja, watu milioni 107

Tarehe 31 Machi 1957, Jumapili jioni, televisheni ya CBS ya Marekani ilirusha moja kwa moja Cinderella ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, kazi pekee ya muziki ambayo wawili hao waliiandika kwa ajili ya televisheni. Binti alikuwa Julie Andrews, mwenye miaka 21, ambaye wakati huohuo alikuwa akiigiza My Fair Lady Broadway. Iliripotiwa kwamba watu milioni 107 walitazama. Nchi nzima ilikuwa na watu milioni 170 na kitu. Hakuna Cinderella mwingine aliyetazamwa na umati kama huo kwa saa moja na nusu.

Matangazo yalikuwa ya rangi, nayo ilikuwa anasa kwa wakati huo, lakini rangi ile haipo tena. Kilichobaki ni nakala ya nyeusi na nyeupe iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni. Wenye televisheni za rangi usiku ule, na walikuwa wachache, waliona kitu ambacho sisi hatutakiona.

Kazi hiyohiyo ilirudiwa mwaka 1965, kisha tarehe 2 Novemba 1997, Brandy akiwa binti na Whitney Houston akiwa bibi mchawi. Houston ndiye awali aliyekusudiwa kuwa Cinderella. Mradi ukakawia miaka kadhaa, akaona bora aishike fimbo ya uchawi. Watu wapatao milioni 60 walitazama. Rekodi yake hasa iko kwenye familia ya kifalme. Malkia ni Whoopi Goldberg, mweusi; mfalme ni Victor Garber, mweupe; mtoto wao wa kuzaa ni Paolo Montalban, mzaliwa wa Manila. Hakuna anayeeleza. Hakuna mhusika hata mmoja anayeshangaa. Wasichana weusi wa kizazi kile waliokuwa wakichora Cinderella wa nywele za dhahabu walimwona mmoja aliyesuka nywele kama wao, na wengi wao hadi leo ukiwauliza Cinderella ni nani watakujibu Brandy.

Binti wa miaka 37

Sasa tufike ninapopapenda. Mwaka 1947 studio ya Lenfilm ya Leningrad ilitoa Zolushka, iliyoongozwa na Nadezhda Kosheverova na Mikhail Shapiro na kuandikwa na Yevgeny Shvarts. Mji ulikuwa umetoka miaka mitatu tu nyuma katika mzingiro wa Wajerumani ulioua mamia ya maelfu kwa njaa. Kupata kitambaa cha kushona mavazi ya ikulu kulihitaji maarifa.

Cinderella alikuwa Yanina Zheymo. Alizaliwa Mei 1909 katika familia ya wanasarakasi, akapanda ulingoni akiwa na miaka mitatu, na filamu ilipotoka alikuwa anatimiza miaka 38. Mwana wa mfalme, Aleksei Konsovsky, alikuwa na 35. Mhusika anayemwigiza ni msichana wa miaka kumi na sita hivi. Kwenye karatasi mpango huo ni kichekesho. Wapo waliopinga uteuzi wake, na nani angewalaumu?

Ila mtazame anavyofagia. Zheymo alikuwa mdogo wa umbo kama mtoto, na miaka ya sarakasi ilikuwa imemfundisha kusimama, kugeuka na kuinama bila kuonekana anajitahidi. Haigizi uchanga kwa kurukaruka wala kwa kulegeza sauti. Anaigiza mtu aliyechoka ambaye bado ana nafasi ya furaha, na hilo mwigizaji wa miaka kumi na sita asingeliweza. Karibu naye Faina Ranevskaya, mama wa kambo, anahesabu fadhila alizopata dansini kama mfanyabiashara afungaye hesabu za mwezi. Huyo kwangu ndiye mama wa kambo bora kuliko wote, Blanchett akiwemo, kwa sababu hajioni mbaya. Anajiona mama anayewatafutia wanawe riziki.

Inayorudi kila Krismasi

Kwa kuoneshwa mara nyingi, taji ni la filamu ya mwaka 1973 iliyotengenezwa kwa ubia wa Chekoslovakia na Ujerumani Mashariki, Tři oříšky pro Popelku, yaani karanga tatu za Popelka, kama Wacheki wamwitavyo Cinderella. Mwongozaji ni Václav Vorlíček. Ilikusudiwa kupigwa wakati wa kiangazi. Wajerumani wakasema watu wao wana nafasi majira ya baridi, ikahamishwa. Uamuzi huo wa ratiba ndio ulioifanya ya Krismasi. Theluji ilipokuwa haba ilisaidiwa na unga wa samaki, na harufu yake waigizaji waliikumbuka miaka mingi. Mwandishi František Pavlíček alikuwa amepigwa marufuku na utawala, jina lililowekwa likawa la Bohumila Zelenková. Mavazi ni ya Theodor Pištěk, ambaye baadaye alipata Oscar kwa Amadeus.

Popelka wake, Libuše Šafránková, anapanda farasi na kulenga shabaha vizuri kuliko mwana wa mfalme, na kabla ya kukubali kuolewa anamtegea kitendawili.

Ujerumani na Ucheki huirusha kila mwisho wa mwaka. Norway wamezidisha: hurushwa asubuhi ya tarehe 24 Desemba, na sauti zote, za binti, mama wa kambo, mfalme na walinzi, zinatolewa na mwanamume mmoja, Knut Risan, juu ya Kicheki kinachosikika chini yake. Aliyekulia kwenye vibanda vya video, akimsikiliza Lufufu Dar es Salaam au DJ Afro Nairobi akizungumza kwa niaba ya kila mtu kwenye skrini, hahitaji maelezo. Mwaka 2021 Wanorway walitengeneza yao wenyewe, yenye waigizaji wengi na sauti nyingi. Ya Risan haikuondolewa hewani.

Ngazi na mgongo

Kwa maumivu ya mwili, rekodi ni ya Jerry Lewis katika Cinderfella ya mwaka 1960, ambamo binti ni mwanamume. Alipanda ngazi ndefu ya ukumbi wa dansi kwa kukimbia, chini ya sekunde tisa, akafika juu na kuanguka. Akapelekwa hospitalini kwa tatizo la moyo, na kazi ikasimama wiki mbili.

Kwa uchawi mchache kuliko wote ni Ever After ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Andy Tennant na kupigwa Ufaransa, katika mkoa wa Dordogne, ngome ya Hautefort ikiwamo. Hakuna boga, hakuna panya, hakuna fimbo. Nafasi ya bibi mchawi kapewa Leonardo da Vinci, mzee wa Kiitaliano anayejua kung'oa bawaba za mlango uliofungwa kwa nje. Viatu vilitengenezwa na nyumba ya Ferragamo. Ilitumia dola milioni 26 ikarudisha milioni 98, si haba.

Drew Barrymore, aliyecheza Danielle, ndiye Cinderella pekee ninayemjua aliyembeba mwana wa mfalme, Henry, mgongoni. Wanavamiwa msituni, na mkuu wa genge anamwambia aende zake na chochote awezacho kukibeba. Anatazama huku na huku, anainama, anamtia Henry mabegani na kuanza kutembea, huku majambazi wakivunjika mbavu kwa kicheko. Mwishoni anauzwa kwa mzee tajiri mwenye ngome. Anakamata upanga wa huyo mzee, anadai ufunguo wa pingu, anajifungua na kutoka kwa miguu yake. Uwanjani anakutana na mwana wa mfalme anayekuja mbio kumwokoa, kiatu mkononi.